Sauti Iliyo Kando ya Picha

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, asomaye mwaka wa tatu katika chuo kikuu hapa Machakos, ana daftari dogo la jalada la kijani ambamo ameandika jina la kila filamu aliyoitazama tangu aanze masomo, tarehe aliyoitazama, na mbele yake neno moja au mawili ya hukumu, mithili ya karani wa mahakama aliye na haraka ya kwenda kula. Na siku aliponiazima daftari hilo, kwa sharti la kutofungua kurasa za nyuma ambazo si za filamu, nilitambua kwamba mtoto huyu, katika miezi mitatu ya mwisho wa mwaka, ametazama picha nyingi kuliko nilizotazama mimi tangu kuzaliwa hadi kustaafu ualimu.

Asidhani msomaji kwamba ana runinga pana ukutani. Anaishi katika chumba cha kupanga kando ya barabara iendayo Wote, chumba ambacho kitanda, mtungi wa gesi na madumu matatu ya maji vimekwisha kukijaza, na kiwambo chake ni kioo cha simu chenye ufa uliokatiza pembeni, hata waigizaji wote wa dunia, wawe wa Los Angeles au wa Lagos, hawana budi kuupita ufa ule ule watokapo kushoto kwenda kulia. Wala hazitazami filamu hizo papo kwa papo, maana bando ni mali ya kuchungwa. Huzipakua usiku wa manane kwa wifi ya chuo, saa ambazo wenzake aghalabu wamelala na mtandao umekuwa mwepesi, akaziweka simuni kama Mkamba wa zamani alivyoweka mtama ghalani akikingojea kiangazi.

Netflix iliingia Kenya Januari 2016, siku ile ile ilipofungua milango katika nchi nyingine zaidi ya mia, na Showmax ya Afrika Kusini ikawa inagombea wateja hao hao. Septemba 2021 Netflix ikatoa hidaya ambayo haikuitoa kwingi: Mkenya yeyote mwenye simu ya Android aliruhusiwa kutazama sehemu ya hazina yake bila malipo yoyote. Mpwa wangu wakati huo alikuwa shule ya sekondari, na kila likizo simu ya mama yake haikupoa. Hidaya hiyo ikaondolewa Novemba 2023, na nilipomuuliza aliipokeaje habari ile akanijibu, “Mjomba, mtu amekupa kiti, umeshakaa, sasa anakivuta.” Tangu hapo yeye na wenzake watatu huchangiana ada ya mwezi, na hugombana juu ya zamu kuliko walivyopata kugombana juu ya kuosha vyombo.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni ukimya wake. Mara ya kwanza nilipoketi karibu naye akitazama, aliziba masikio kwa vile vidude vya kusikilizia, akakunja magoti, akainamia kiganja chake saa nzima na nusu. Alicheka peke yake, akashtuka peke yake, akafuta machozi peke yake, nami niliye kando yake nikawa kama mgeni aliyefika msibani asijue aliyefariki ni nani. Nikakumbuka kwamba katika nchi hizi zetu picha haikuja kwetu peke yake hata siku moja.

Mwaka 1935, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Meja Notcutt na Bwana Latham, walianza jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika mambo waliyoyaona wao kuwa ya maana, kama vile safura, soko la kahawa na kuweka akiba posta. Na kabla ya jaribio hilo kufungwa mwaka 1937 walikuwa wametoa filamu 35, ambazo zilizungushwa kwa lori, pamoja na mtambo wa umeme na shuka la kuonyeshea, kutoka Tanganyika hadi Kenya, Uganda, Nyasa na Rodesia ya Kaskazini. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri kwa lugha za wenyeji, na pale santuri isipofaa palikuwa na mtu mwenye kipaza sauti, akisema kando ya picha yale ambayo picha haikuweza kuyasema.

Mtu kama huyo nilimwona kwa macho yangu nilipokuwa mtoto. Gari la sinema lilikuja sokoni kwetu jioni, likatandaza kitambaa cheupe baina ya miti miwili, na filamu ya usiku ule ilihusu josho la ng'ombe. Mkalimani alikuwa mwenyeji wa tarafa, mwenye koo la shaba na kumbukumbu isiyosamehe, na ng'ombe wa kizungu walipokuwa wakitumbukia dawani mmoja baada ya mwingine kwa adabu ya watoto wa Jumapili, yeye alitoka katika habari ya filamu akaanza kutaja, kwa majina na ukoo, wazee waliokuwa hawajapeleka mifugo yao joshoni mwaka ule. Watu walicheka hata vumbi likatimka. Sikumbuki ng'ombe hata mmoja wa filamu ile, ila majina ya wazee wale ninayo mpaka leo.

Kisha zikaja zama za kanda na vibanda vya video, na yule mtu wa kipaza sauti hakufa, bali alibadili nguo. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo, na sisi Kenya tunaye DJ Afro, ambaye huchukua filamu ya Marekani, Hong Kong au Bombay, akaisimulia upya kwa Kiswahili na Sheng, akawabatiza wahusika majina ya mitaani, akamshauri staringi ajihadhari na adui aliyejificha nyuma ya mlango, na akizidiwa na mapigano hunyamaza kidogo ili ngumi zijisemee. Najua wapo wasomi waonao kazi hiyo kuwa ni kuiharibu filamu ya mwenyewe. Mimi naona kwamba hadhira yetu, iliyolelewa kwa hadithi zenye kiitikio, haijapata kuikubali picha isiyojibiwa, na mtu huyu huijibu kwa niaba ya kibanda kizima. Wakamba nao wana haki ya kujigamba katika jambo hili, maana Syokimau, yule mwaguzi wao, asimuliwa kuwa aliwaona kabla hawajafika watu wa rangi ya nyama, wabebao moto mfukoni, na nyoka mrefu atambaaye kutoka bahari moja hadi nyingine. Naye alichoonyeshwa ni picha tu, na maneno ya kuieleza ilimbidi ayatafute mwenyewe.

Turudi kwenye daftari.

Mbele ya *Country Queen*, tamthilia ya sehemu sita iliyotoka Netflix Julai 2022, nayo ndiyo ya kwanza ya Kikenya kubeba jina la huduma hiyo, mpwa wangu ameandika: “Kyalo tu.” Hadithi yamhusu Akisa, mwanamke aandaaye shughuli za matajiri Nairobi, anayerudi kijijini kwao baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya kuchimba dhahabu imeinyemelea ardhi ya wazee wake. Binti huyu alivutwa na jina la kijana mmoja wa kijijini, Kyalo, ambalo kwa Kikamba maana yake ni safari, na ambalo katika darasa lolote la Machakos ukiliita hukosi wawili wa kuitika. Kuliona katika orodha ile, baina ya majina ya Kikorea na ya Kihispania, kulimpa furaha ambayo, kwa insafu, tamthilia yenyewe haikuistahili yote. Mimi niliona upande wa mjini umepakwa rangi kupita kiasi, kila sebule ikimeta kama duka la fanicha, ilhali habari ya ardhi, iliyo moyo wa mambo, ilipewa muda mfupi kuliko mahaba.

*Kati Kati* ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mbithi Masya na kupata tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto, imeandikiwa: “Nimerudia. Nitarudia.” Mwanamke aitwaye Kaleche azinduka nyikani akiwa na vazi la hospitali, asikumbuke chochote, akaiona nyumba ya wageni iliyojaa watu wachangamfu ambao, yeye asijue, wote wamekwisha kufa, wala hakuna awezaye kuondoka mpaka afungue fundo la nafsi yake. Binti alitafuta neno la mahali pale asilipate. Nikamwambia kwamba watu wa pwani wanalo neno tangu zamani, nalo ni barzakhi, makao ya roho baina ya kifo na ufufuo. Akaliandika kwa wino mwekundu kando ya hukumu yake, akalizungushia duara, kisha akaitazama filamu ile mara ya tatu, safari hii bila vidude masikioni, ili nami nisikie.

Ukurasa unaofuata una filamu fupi sita za hekaya za Kiafrika ambazo Netflix na UNESCO walizitoa Machi 2023. Mbili zimepigiwa mstari. Moja ni *Katope* ya Mtanzania Walt Mzengi Corey, juu ya mtoto aliyezaliwa kwa udongo, ambaye yeye ndiye awezaye kuondoa ukame katika nchi yao, lakini kwa thamani ya uhai wake mwenyewe. Na katika kaunti ambayo kila mwaka huyahesabu mawingu kama bahili ahesabuvyo senti, hadithi hiyo haikuhitaji kufasiriwa. Ya pili ni *Anyango and the Ogre* ya Mkenya Voline Ogutu, ambamo zimwi la hadithi za usiku lageuka kuwa zimwi la nyumbani, na mvulana wa miaka 13 alazimika kuwalinda wadogo zake. Hapo ameandika neno moja la Kikamba, “Eimu”, jina la lile zimwi ambalo bibi yake alikuwa akilisimulia jioni, na ninashuku kuwa aliliandika kwa kuona kwamba zimwi la Kiingereza halina meno ya kutosha.

Filamu iliyotubadilishia viti ni *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, nayo imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Ni Unguja ya miaka ya 1950: Yasmin, msichana wa Kihindi, amkimbia mume mzee aliyeozwa, apata sitara kwa Mwajuma, na huko akutana na Denge, kijana mpigania uhuru anayewindwa na serikali ya kikoloni. Nilimwalika mpwa wangu kwa majivuno ya mwalimu, nikidhani kwamba hapa hatimaye hatuna haja ya maandishi yale madogo ya Kiingereza chini ya kioo. Kumbe! Binti aliyepata alama ya juu ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne, na ambaye Sheng yake humtoka kama maji bombani, alisimamisha picha mara tatu katika robo saa ya kwanza, na mara ya nne nikamkamata macho yake yameteremkia kwenye Kiingereza. Kiunguja kile, pamoja na mkato wake na mapozi yake, kilimpita juu ya kichwa. Basi nami nikafanya kazi ya yule mkalimani wa josho, nikakaa kando, nikafasiri Kiswahili kwa Kiswahili, nikatia na habari zangu za Malindi na Ng'ambo za Unguja, na kila nilipopumzika aliniambia, “Endelea, Mjomba, usiniache hapo.” Tuliimaliza saa tano za usiku. Hukumu yake katika daftari: “Nzuri. Ndefu kwa sababu ya Mjomba.”

Sitapita bila kuitaja Bodi ya Kuainisha Filamu, maana mwezi ule ule Netflix ilipofika, mkuu wa bodi wakati huo, Ezekiel Mutua, alionya kwamba huduma hiyo ni hatari kwa maadili na hata kwa usalama wa nchi. Sheria aliyoishika ni ya mwaka 1962, iliyotungwa kwa ajili ya majumba yenye mlango, ambapo ofisa aweza kusimama na kuuliza cheti. Mwaka 2018 bodi hiyo ilipoipiga marufuku *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, Mahakama Kuu iliiruhusu Septemba kwa siku saba tu ili itimize sharti la kushindania Oscar, na watu wakapanga foleni kama ya sukari. Kiganja cha mwanafunzi hakina mlango. Na mintarafu ya serikali na filamu, wenyeji watakumbuka Machawood, jina ambalo kaunti yetu ililitangaza kwa kishindo baada ya 2013 chini ya gavana wa kwanza, Alfred Mutua, mwenyewe mtayarishaji wa *Cobra Squad*. Jina lilikuwa tamu, ila katika daftari la kijani sijaona filamu hata moja iliyotoka humo.

Desemba ilipofika tulikwenda nyumbani, nyuma ya vilima vya Iveti, upande wa Kathiani, kwa mama yangu, ambaye wajukuu wote humwita Susu. Mama haoni mbali siku hizi, lakini kitu kilicho karibu huona hata uzi uliopotoka. Usiku wa pili, mvua za vuli zikiwa zimetuzuia jikoni, mpwa wangu aliitegemeza simu juu ya kigoda kwa kuiegemeza kwenye sufuria, akawasha *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ambayo alikwisha kuitazama peke yake chuoni na kuiandikia “Nimelia”. Ni hadithi ya Jo, mtoto wa miaka tisa mwenye maradhi yasiyo na dawa, apendaye filamu za Jackie Chan na kuota kuwa shujaa arukaye angani. Na kijiji chake, Maweni, kwa uongozi wa dada yake, chakubaliana kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye staringi.

Mazungumzo ya humo mengi ni ya Kiswahili na Kiingereza, na Susu Kiswahili chake ni cha sokoni. Basi binti, bila kuombwa, akaanza kufasiri kwa Kikamba. Mwanzoni alifasiri neno kwa neno, kwa sauti ya shule. Lakini jiko lilivyozidi kuwaka alijisahau, akaacha yasiyo na kazi, akaongeza yaliyokosekana, akaeleza kwamba mama wa mtoto si mkali, ni hofu tu, akamgombeza mtu aliyechelewa kusaidia, na pale wanakijiji walipokuwa wakijifanya kuogopa nguvu za Jo aliziigiza sauti zao zote, za wazee na za watoto, hata jirani aliyekuja kuomba moto akaketi juu ya dumu asirudi kwake. Nilitazama kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu gari la sinema lilipoondoka sokoni.

Mwisho wa filamu hiyo sitausimulia. Ulipokaribia, mfasiri wetu akanyamaza. Nilidhani atajikaza, hakuweza. Susu alinyoosha mkono akamgusa goti, akamwambia kwa Kikamba, “Acha. Hapa naona mwenyewe.”

Usiku uliofuata Susu ndiye aliyeuliza kama simu ina nyingine. Binti akachagua *Thank You for the Rain*, filamu ya mambo halisi ya mwaka 2017, iliyotengenezwa na Julia Dahr wa Norway pamoja na Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo katika kaunti ya Kitui, ambaye alipewa kamera akajipiga picha yeye, mke wake, watoto wake na shamba lake kwa miaka mitano ya ukame na mafuriko, mpaka safari ikamfikisha Paris mwaka 2015, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya tabianchi. Mpwa wangu alijiweka tayari kufasiri, akakohoa. Mkulima yule akafungua kinywa, na Kikamba kikatoka.

Susu aliinua kichwa. “Huyu ni wa Kitui,” akasema mara moja, kwa sauti ya mtu aliyeshika ushahidi, kwa kuwa Kikamba cha Kitui na cha Machakos hutambulikana kama ndugu wawili wa mama mmoja; na tangu dakika hiyo hapakuwa na nafasi ya mfasiri mwingine jikoni. Aliuliza mbaazi zake zilipandwa lini, na kabla hajajibiwa akatoa hesabu ya miezi kwa vidole. Alitaka kujua nyuma ya huyo aliyeshika kamera kuna nini, kama ni korongo au ni boma la jirani, maana, alisema, shamba haliwezi kuhukumiwa kwa kutazamwa upande mmoja. Mkulima alipozungumza na wenzake juu ya kuvumilia, alimwitikia. Alipokosea, kwa kadiri ya fikira zake, alimsahihisha. Mkewe aliposema, alimpa haki yeye kuliko mume. Chini ya kioo maandishi ya Kiingereza yalipita kwa haraka, yakiwatumikia watu wasiokuwapo, na binti wa chuo kikuu, aliyekuwa mfasiri wa jana, alikuwa ameketi kimya, kidevu juu ya magoti, akisikiliza upande wa bibi kuliko upande wa simu.

Ikafika pale dhoruba inapoijia nyumba ya mkulima yule. Upepo ulivuma ndani ya simu kwa sauti nyembamba ya kioo kilichopasuka, na nje, juu ya Iveti, ngurumo nayo ikaitika, hata kwa kitambo hatukujua ipi ni ya Mutomo na ipi ni yetu. Susu akasimama. “Kuni ziko nje,” akasema.

Binti akatoka mbio, nami nyuma yake na kurunzi. Tulipokuwa tukizikusanya gizani, matone ya kwanza yakitugonga mgongoni, tulimsikia kupitia mlango uliobaki wazi, peke yake na kigoda na sufuria, akimwuliza yule mtu wa Kitui kama watoto wote wamo ndani.